CHOMBO KWA CHOMBO: KUTOKA KWENYE DENI HATUA KWA HATUA

Somo kuu: 2 Wafalme 4:1-7
Mistari ya kusaidia: Zaburi 37:21, Mithali 6:1-5, Mithali 22:7, Mathayo 5:25, Luka 14:28-30, Warumi 13:8
Mstari wa kukumbuka: 2 Wafalme 4:7 (usome kwa sauti nyumbani, baba, mama na watoto)

UTANGULIZI

Jumapili iliyopita niliuliza ni nani ana deni ainue mkono. Mikono ikawa mitatu, minne, na kila mtu akawa anaangalia kiatu chake. Nikabadilisha swali. Nikasema, aliyewahi kuiacha simu ilie mpaka inyamaze kwa sababu ameona namba ya anayemdai, ainue mkono. Kanisa lilicheka, halafu mikono ikajaa mpaka kwa kwaya.

Kwa hivyo tusidanganyane. Deni limo ndani ya nyumba ya Mungu. Wako waliolala njaa mwezi huu kwa sababu mshahara uliingia kwenye simu asubuhi na saa nne ulikuwa umeshakatwa wote. Wako ndugu wawili hapa hapa kanisani ambao hawasalimiani tena kwa sababu ya shilingi elfu tatu. Na wako ambao hawaji ibada ya kwanza siku hizi, wanakuja ya pili, kwa sababu anayewadai anakuja ya kwanza. Leo nataka tuzungumze kama familia.

1. MTU ANAYEMCHA MUNGU ANAWEZA KUWA NA DENI

Tazama yule mama mjane katika somo letu. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, na mama anamkumbusha Elisha kwamba yule mzee alimcha Bwana. Hakuwa mlevi, hakuwa mcheza kamari. Lakini alikufa akaacha deni, na sasa mdai yuko njiani kuja kuwachukua vijana wawili wawe watumwa.

Kwa hivyo ukimwona ndugu ana deni usikimbilie kusema ana dhambi. Madeni mengi yaliyomo humu ndani yalianzia hospitalini, yalianzia matanga, yalianzia siku mtoto alipoitwa kidato cha kwanza na shule ikataka karo, sare, godoro na sanduku kwa wakati mmoja. Yako pia madeni ya tamaa, tusikatae. Kuna simu ya elfu thelathini iliyonunuliwa na mtu wa mshahara wa elfu kumi na tano. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Lakini ona jambo lingine. Yule nabii alikufa, deni halikufa. Liligonga mlango wa mjane. Kaka yangu, mama watoto anajua unadaiwa na nani? Dada, mzee wa nyumba anajua? Deni la siri ni urithi mbaya kuliko deni lenyewe.

2. USHUHUDA WANGU

Wacha niseme yangu, maana siwezi kuwafunua ninyi na mimi nijifunike.

Kuna mwaka nilikopa kwa simu ili nimalizie karo. Siku ya kulipa ilipofika sikuwa nazo, nikakopa kwingine nikalipa ya kwanza. Halafu nikakopa kwa tatu nikalipa ya pili. Nilikuwa nachimba shimo ili nifukie shimo. Mchana nahubiri imani, usiku nahesabu siku. Mama Mchungaji hakujua kitu. Nilimwambia mambo ni sawa, Mungu ni mwaminifu.

Jioni moja niliacha simu mezani nikaenda kuoga. Ikalia, akaipokea. Aliyepiga alimweleza kila kitu: kiasi, tarehe, na matusi juu. Nilipotoka nilimkuta ameketi kimya, na simu ameilaza mbele yake kifudifudi. Hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Ni hiyo tu, ama ziko zingine?"

Wapendwa, nilikuwa na nafasi ya kudanganya mara ya mwisho. Nilifungua mdomo nikataka kusema ni hiyo tu. Roho Mtakatifu akanizuia. Nikachukua daftari la mtoto, tukaandika zote. Zilikuwa saba. Ya mwisho kwenye orodha ilikuwa shilingi 340 za mama wa mboga, yule ambaye kwa miezi miwili nilikuwa nampita kwa njia ya nyuma. Mke wangu alichukua 340 kwenye pesa za unga akasema, "Enda sasa hivi."

Nilienda. Nikamlipa, nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Pasta, mimi nilidhani umehama." Nilirudi kwa njia ya mbele. Ile hatua mia moja kutoka kibandani mpaka nyumbani, nilikuwa mtu huru kwa shilingi 340. Zile sita zilizobaki zilituchukua mwaka mmoja na miezi minne. Lakini ushindi ulianzia pale kwa mama wa mboga.

3. MUNGU ALIFANYA MUUJIZA, LAKINI HAKUMFUTA MDAI

Hapa nataka usikilize vizuri sana, maana ndipo wengi wetu tunapopotea. Elisha hakuomba mdai asahau. Hakuomba kitabu cha madeni kiungue. Aliuliza, una nini nyumbani? Mama akasema hana kitu ila chupa ya mafuta. Akaambiwa aende kwa majirani akaombe vyombo vitupu, si vichache, aingie ndani, afunge mlango, amimine. Mafuta yalijaa vyombo, kimoja baada ya kingine, vijana wakileta na mama akimimina. Vyombo vilipokwisha, mafuta yakakoma.

Kisha mama akarudi kwa mtu wa Mungu, naye akampa mpango wenye sehemu tatu: auze, alipe anachodaiwa, halafu kinachobaki kiwalishe yeye na wanawe. Muujiza ulimpa mali ya kuuza. Kuuza alikwenda mwenyewe. Kulipa alikwenda mwenyewe.

Tuko na kawaida ya kuja kesha Ijumaa, tunakemea roho ya deni mpaka sauti inakauka, na Jumatatu asubuhi tunakopa tena. Huwezi kukemea kitu ambacho unakilisha kila jioni. Omba, ndio. Funga, ndio. Lakini ukitoka kwa maombi, chukua kalamu. Dawa ya deni ni kulipa, na Zaburi 37:21 inatuonyesha kwamba kukopa na kukataa kulipa ni njia ya mtu asiye haki.

Na mimi kama mchungaji wako nasema wazi: usikope ili utoe sadaka. Usichukue mkopo wa simu upande mbegu. Usiahidi elfu kumi kwenye harambee ya kanisa huku mama wa duka anakungoja. Toa katika kile Mungu amekupa, kwa moyo, hata kama ni kidogo. Mjane wa senti mbili alitoa zake, hakutoa za jirani.

4. HATUA SABA ZA KUTOKA

Hatua ya kwanza: Funga mlango, uandike. Mama alifunga mlango kabla ya kumimina. Keti na mwenzi wako, au kama uko peke yako keti na mtu mmoja unayemwamini. Andika kila deni: la nani, kiasi gani, riba au ada gani, siku gani. Usiache hata la mia mbili. Kama hukumbuki mikopo yote, sheria inakuruhusu kupata ripoti yako ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka. Utaogopa ukiona jumla. Ogopa, lakini usifunge daftari.

Hatua ya pili: Acha kuongeza. Huwezi kukausha sakafu na mfereji uko wazi. Futa programu za mikopo kwenye simu. Ile huduma ya kufuliza hujilipa yenyewe pesa zikiingia, ndiyo maana unaona mshahara kama mgeni anayepita. Jiondoe ukimaliza kulipa. Na yule shailoki anayekaa na kadi yako ya ATM, usimrudie hata akikuita mpendwa.

Fanya hesabu hii. Mkopo wa simu unaotoza 7.5% kwa siku 30 unaonekana mdogo. Shilingi 10,000 ni ada ya 750 tu. Lakini ukiusukuma mbele kila mwezi kwa miezi 12 umelipa 9,000, na zile 10,000 bado unadaiwa. Mkopo wa sacco wa 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua, ukilipa 10,000 hizo hizo kwa mwaka mmoja kwa sehemu sawa za mkopo, riba yake yote ni kama 650. Tofauti hiyo ni karo.

Hatua ya tatu: Enda ukazungumze. Katika Mathayo 5:25 Bwana anatufundisha tupatane na mshtaki wetu mapema, tukiwa bado njiani. Usingoje akupigie. Enda wewe. Mwambie, "Sina zote, lakini nitakuletea mia tatu kila Jumamosi." Wengi watakubali, maana kinachowaumiza zaidi ni kimya chako. Sema kiasi unachoweza, usiseme kikubwa kwa aibu halafu ukimbie tena. Na kama umekwama na mkopo wa sacco, wahi kuzungumza kabla wadhamini wako hawajakatwa. Wengi wao ni washirika wenzako. Mithali 6:1-5 inaonya juu ya kumdhamini mtu. Usiwe wewe ndiye sababu ya ndugu yako kujifunza mstari huo kwa machozi.

Hatua ya nne: Tafuta chupa yako. Una nini nyumbani? Cherehani iliyofunikwa kitambaa? Ufundi wa kusuka nywele? Shamba dogo la sukuma wiki? Kiti cha pili ambacho hakuna anayekikalia? Mama alisema hana kitu, halafu akakumbuka chupa. Tazama pia kinachovuja: vifurushi vya data, soda ya kila siku, boda boda ya mwendo wa dakika kumi. Shilingi 50 kwa siku ni 1,500 kwa siku 30.

Hatua ya tano: Panga foleni. Anza na deni dogo kuliko yote, ulimalize, upate nguvu. Likiisha, pesa zake zihamie kwa linalofuata. Lakini kama kuna lenye ada kali, liweke karibu na mwanzo, maana linakua ukilala. Mengine yape kile kidogo mlichokubaliana.

Hatua ya sita: Mimina kila siku. Usingoje pesa nyingi. Pesa nyingi zikikaa zinapata kazi nyingine. Mikopo mingi ya simu inapokea malipo kidogo kidogo kabla ya siku kufika. Kama unauza sokoni, toa ya deni jioni ile ile kabla hujafika nyumbani. Kama una mshahara, ilipe siku unapoingia. Bandu bandu huisha gogo.

Hatua ya saba: Weka akiba ndogo. Hata shilingi 20 kwa siku, mahali ambapo si rahisi kutoa. Kwa nini, na bado una deni? Kwa sababu mtoto ataugua, na usipokuwa na kitu utarudi kule kule. Elisha alitaka kibaki kitu cha kuishi.

5. MFANO

Tuchukue mama anayeuza nguo za mitumba. Madeni yake ni haya:

- Duka la jirani: shilingi 1,200
- Mkopo wa simu: 4,000, ukiongezeka ada kila siku 30
- Dada wa kanisani: 3,000
- Chama, pamoja na riba: 12,000

Jumla ni 20,200. Usiku halali. Lakini amekaa na daftari, ameona anaweza kutenga shilingi 150 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni 900 kwa wiki. Amekwenda kwa chama wakakubaliana 300 kila wiki. Zimebaki 600. Amekwenda pia kwa yule dada, akamwambia ukweli: "Nitaanza kukulipa baada ya miezi miwili na nusu, na sitakukimbia." Wakasali pamoja.

Wiki ya 1 na ya 2, ile 600 inamaliza duka. Wiki ya 3 mpaka ya 10 inakwenda kwa mkopo wa simu. Hata tukihesabu ada ya 600 juu, 4,600 inaisha. Wiki ya 11 mpaka ya 15 inamlipa dada 3,000 zake zote. Kufikia hapo chama kimepokea 4,500, na kimebaki na 7,500. Sasa 900 nzima inakwenda kwa chama, na kwa wiki tisa nyingine kimekwisha.

Wiki 24. Haijafika hata miezi sita. Hakushinda bahati nasibu, hakutumiwa pesa kutoka ng'ambo. Ni 150 kwa siku. Kutakuwa na siku ya mvua asiuze kitu, basi atachukua wiki mbili au tatu zaidi. Ukikosa siku moja usitupe daftari. Kesho yake mimina tena.

6. NENO KWA WANAODAI

Na wewe unayedai, nisikupite. Una haki ya pesa zako. Lakini usimtangaze ndugu yako kwenye kikundi cha WhatsApp, usimtungie maombi yenye jina lake ndani. Nehemia sura ya 5 inaonyesha jinsi Nehemia alivyokasirika aliposikia Wayahudi wanawabana Wayahudi wenzao kwa madeni mpaka watoto wao wanakuwa watumwa. Mtu akija na mia tatu kwa mkono unaotetemeka, ipokee, andika, mwambie asante. Inawezekana ndiyo hatua ngumu kuliko zote alizowahi kupiga.

Wale wanaosumbuliwa na wakopeshaji wa simu kwa matusi, au kwa kupigiwa jamaa na marafiki, mjue kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho na kuaibisha watu namna hiyo. Unaweza kulalamika. Lakini kulalamika hakufuti deni, lipa ulichokopa.

Na kwa wenye mshahara: sheria ya ajira hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara. Kama unabaki na chini ya theluthi moja, kaulize ofisini kwako.

7. HITIMISHO

Warumi 13:8 inatuachia deni moja tu la kudumu, nalo ni kupendana. Lile halitaisha. Haya mengine yana mwisho.

Nakumbuka siku tuliyochora mstari juu ya deni la saba. Hatukupiga vigelegele. Mke wangu alifunga lile daftari akamrudishia mtoto, kurasa zilizobaki afanyie hesabu. Usiku huo simu ililia nami nikaipokea kabla ya kutazama namba.

Hicho ndicho nakuombea. Chombo kwa chombo.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini Elisha alimuuliza mama ana nini nyumbani kabla ya kumwambia afanye lolote?
2. Ni jambo gani linatufanya tufiche madeni kwa wenzi wetu na kwa kanisa?
3. Kati ya hatua saba, ni ipi ngumu zaidi kwako wiki hii? (Msilazimishane kutaja kiasi.)
4. Tunawezaje kumsaidia ndugu mwenye deni bila kumwongezea mkopo?

KAZI YA WIKI

Andika orodha yako kabla ya Jumatano. Lipa deni moja dogo, hata kama ni la shilingi hamsini. Kisha mwambie mtu mmoja: "Nimeanza."

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu, tumekuja kwako na daftari zetu. Wewe unajua kila namba. Tusamehe kwa ahadi tulizovunja na kwa njia za nyuma tulizopita. Tupe ujasiri wa kusema ukweli nyumbani. Bariki chupa ndogo tuliyo nayo, bariki mikono yetu ifanye kazi, na utupe uvumilivu wa kumimina kila siku mpaka tumalize. Patanisha ndugu waliotengana kwa sababu ya pesa. Amina.

*Mwenye mzigo na anataka mtu wa kuketi naye aandike orodha yake, aone wazee wa kanisa baada ya ibada. Hakuna atakayetangazwa.*